Pigo la Pili

Saa mbili usiku, Szeged. Theluji imeshika kingo za madirisha.
Sanduku la barafu limefika kutoka chumba cha upasuaji
na ndani yake, kitu kidogo kama punje ya dengu,
ubongo wa mwanamke wa miaka sabini na mmoja:
kipande kilichotolewa ili kisu kipate njia
ya kuufikia uvimbe ulio chini yake.
Jina lake silijui. Kwenye chupa wameandika namba, na "kushoto".

Nakikata kwa wembe unaotetemeka,
vipande vyembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga,
navilaza kwenye maji ya chumvi yenye mapovu,
nangoja.
Halafu sindano ya kioo, polepole, polepole,
hadi ngozi ya seli inapoinyonya.

Napiga mara mbili.
Pigo, milisekunde hamsini, pigo.
Hata kope haijapata nafasi ya kufumba.
Kazi hii haina swali jingine:
jibu la pili ni kubwa kuliko la kwanza, au dogo?

Kwa panya mwenye siku kumi na mbili nalijua.
Sinapsi changa haijui kuweka akiba.
Pigo la kwanza inamwaga vifuko vyote vilivyo mlangoni,
karamu nzima kwa mgeni wa kwanza,
na wa pili anakuta sufuria zinaoshwa.

Nilikuwa hivyo. Baba aliendesha tramu ya njano
na akipita chini ya dirisha letu aligonga kengele mara mbili.
Ya kwanza tu, nimeshafika roshani,
miguu mitupu, kijiko mkononi,
nikipiga kelele hadi sauti ikakatika.
Ya pili ilinikuta sina kitu.
Nilipunga kijiko.

Kisha panya anakua, na sinapsi inajifunza ubahili.
Pigo la kwanza inalijibu kwa kunong'ona.
Lakini kalsiamu iliyoingia haijatoka yote;
imebaki kama joto kwenye kiti alichoinuka mtu,
na la pili likija, linakaa hapo, linapanda.
Hapa Emőke wa meza ya pili angenikatiza:
"Si zote. Andika 'baadhi'."
Baadhi.

Na uzeeni? Hapo grafu zangu zinagombana zenyewe kwa zenyewe.
Hapa kalsiamu inakawia kuondoka,
pale vifuko vinachelewa kurudi mlangoni,
na pengine ninachokipima ni ugonjwa, si miaka.

Jumapili nilimpelekea baba supu ya samaki.
"Baba." Hakugeuka.
"Baba." Akageuka kabla sijalimaliza neno,
uso wote, macho yote,
kana kwamba la kwanza lilikuwa ndani yake likipasha kiti.
Jumapili iliyotangulia ilikuwa kinyume:
aliitika la kwanza, akamtaja hata mbwa wetu wa zamani,
nilipoita tena akaitazama paprika ikielea
kama mtu anayesoma gazeti.

Najua. Baba si kipande kwenye maji ya chumvi,
na kati ya jina na jina, mezani kwake,
hupita muda ambao sindano yangu haiwezi kuusubiri.
Hata hivyo nilihesabu. Nilihesabu huku nikimpangusa kidevu.

Saa kumi na robo. Seli ya mwisho bado imeshika.
Pigo. Mstari wa kijani unainama, unarudi.
Pigo.
Naandika namba mbili kwa penseli, moja chini ya nyingine,
naipumzisha, narudia, mara ya thelathini,
maana haitaishi hadi mchana
na mwenyewe, wodini, labda ameamka sasa
anaomba maji, anaomba tena.

Nje, tramu ya kwanza ya alfajiri.
Dereva simjui.
Anagonga kengele mara moja.

Penseli yangu iko hewani.